Barua Haisafiri Peke Yake

Watu wakisikia kwamba ninalea kiroho mabinti walioko Oman na Dubai, swali la kwanza huwa ni la bando. Natumia la wiki au la mwezi? Mtandao gani unashika vizuri? Nawajibu, si vibaya kujua, lakini katika kazi hii bando ndilo jambo dogo kuliko yote. Mwenye bando la mwezi mzima anaweza kumtumia mtu mistari ya Biblia kila asubuhi mpaka mwaka uishe, na asijue kama mtu huyo jana alikula.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mwanglikana wa Dodoma, na kazi hii sikuipanga. Ilianza na binti niliyemfundisha darasa la kipaimara. Alipata kazi za ndani Muscat kupitia wakala, akaja kuniaga begi likiwa limeshafungwa, akaomba tuendelee na mafundisho kwa simu. Baada yake akaenda rafiki yake, halafu mdogo wa rafiki yake. Mwingine akaangukia Sohar, mji mwingine wa Oman, mwingine Dubai. Huku kwetu na Singida safari hizo si habari ngeni. Kila mtaa una nyumba yenye bati jipya ambalo mtu amelisotea Uarabuni.

Malezi ya mbali lakini niliyajua kabla sijamiliki simu, kwa sababu mimi mwenyewe nililelewa kwa barua. Miaka ya tisini, nikiwa chuo cha ualimu Tabora, aliyenishika mkono alikuwa mama mmoja mzee wa Mvumi, mkunga mstaafu. Alikuwa mtu wa uamsho, wale ndugu ambao moto wao uliwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kutufikia sisi. Dodoma uamsho uliota mizizi mapema. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu Uganda, alikuwa mwalimu wa shule hapa Dodoma kabla hajarudi kwao, na mama huyu alimsikia akihubiri enzi za usichana wake. Kwa ndugu hao wokovu ulikuwa kutembea nuruni: husitiri kitu, ukikosa unasema, ukisemwa unakubali. Sasa jambo hilo linawezekana na mtu unayekaa naye benchi moja kila wiki. Kwa mtu ambaye kati yako na yeye kuna usiku mzima wa treni, unalifanyaje?

Barua zake zilikuwa karatasi za daftari zilizokunjwa mara nne, mwandiko mdogo ulionyooka kama wa kadi ya kliniki. Akipata abiria anayekuja Tabora alimpa mkononi, asipopata ndipo anaiamini posta. Alianza kwa kujibu maswali yangu moja moja kwa namba, kisha akauliza ya kwake, na la mwisho halikubadilika: "Nani anakuona huko?" Mimi nilikuwa nimemjazia kurasa juu ya Waraka kwa Warumi na jinsi nilivyolia kwenye maombi. Hayo aliyapita kama hayakuandikwa. Nikamjibu kwamba Mungu ananiona, nikajiona nimejibu kiroho hasa. Barua iliyofuata ilisema: "Mungu anamwona kila mtu. Nimeuliza nani."

Kumbe wakati huo alikuwa ameshamwandikia mwanamke mmoja pale Tabora, mke wa mzee wa kanisa, muuza dagaa sokoni. Jumamosi moja mchana nikaitwa nje ya bweni nina mgeni. Namkuta mama wa makamo, khanga mbili, bakuli la wali limefungwa kwa kitambaa. Bwana Yesu asifiwe, Amina, kisha: "Mimi ndiye niliyetumwa nikuone." Akakaa kwenye kipande cha ukuta, akanitazama nikila mpaka mwisho, akauliza viatu vyangu vya ibada viko wapi. Sikuwa navyo, niliviuza. Hilo sikuwa nimeliandika Mvumi.

Nyaraka za mitume nilianza kuzisoma upya kwa sababu ya mama yule. Sisi tumezishika kama maandishi, tunasahau kwamba kila mmoja ulifika mlangoni kwa miguu ya mtu. Ule wa Waefeso ulikwenda na Tikiko, na Paulo anasema waziwazi kwamba habari zake na hali yake Tikiko atawaeleza. Hakuziandika kwa sababu alikuwa anakuja mtu wa kuzisema. Warumi wanaambiwa wampokee Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Wafilipi walimtuma Epafrodito na msaada, akaugua karibu kufa, akarudishwa kwao na waraka. Na aliposhindwa kuvumilia kukosa habari za Wathesalonike, Paulo hakutuma barua kwanza. Alimtuma Timotheo, yeye akakubali kubaki Athene peke yake. Yule aliyeandika barua nyingi kuliko wote hakuwa na imani kubwa sana na barua tupu.

Basi nilipoanza kulea kwa simu, nilianza na swali la Mvumi. Jibu lake ndilo lililonisumbua, kwa sababu binti wa kazi za ndani anaonwa na mwajiri wake tu.

Yule wa kwanza alinipa sheria wiki ile ile aliyofika: "Mama, usinitumie sauti. Bibi anajua Kiswahili kuliko wewe." Nilicheka, lakini ni kweli tupu. Familia nyingi za Oman ziliishi Zanzibar na pwani kwa vizazi. Wengine waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultani Qaboos alipotwaa madaraka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Walirudi na Kiswahili chao, na katika nyumba nyingi za Muscat mpaka leo kinasikika jikoni na sebuleni. Yule wa Dubai mwajiri wake haelewi neno, anaweza kufungulia ujumbe wangu kwa sauti huku anapiga pasi. Wa Muscat akifanya hivyo, bibi wa nyumba ananisikia nikimwombea yeye kwa jina.

Kwa hiyo Muscat naandika, na naandika kama mtu anayejua kwamba bibi atasoma. Juu ya nyumba ya watu sisemi neno ambalo nisingelisema nimekaa kwenye zulia lao. Na bibi alisoma kweli. Aliiona Zaburi ya 121 kwenye simu iliyoachwa juu ya meza, akamwuliza binti huyo Mama ni nani, akaelezwa. Akasema, "Mwambie Zaburi ni ya Nabii Daudi, na sisi twaiamini." Tangu hapo kuna salamu zinazokuja na kurudi. Sitaki kulikuza jambo hili, nyumba nyingine simu ingevunjwa. Ninachosema ni kwamba nidhamu ya kuandika mbele ya macho ya mwenye nyumba imeniondolea maneno mengi ambayo hayakuwa na kazi.

Zaburi hiyo ilikuwa somo la kukariri. Natuma kifungu kimoja kifupi kwa wiki, wakishike kwa moyo, kwa sababu simu si mali yao kweli. Kuna nyumba simu inakaa kabatini mchana kutwa, kuna nyumba inatolewa siku ya mapumziko tu. Kilichomo kichwani hakifungiwi kabatini. Yule binti alinitumia picha aliyoipiga darini anapoanika nguo: milima ya mawe matupu imeuzunguka mji, haina hata kichaka. Chini yake aliandika, "Nitayainua macho yangu niitazame milima. Mama, hii hapa." Mimi nilikuwa nimeifundisha Zaburi ile miaka yote nikiwaza milima yenye miti.

Ratiba nayo ina mambo yake. Saa nne usiku ya Dodoma ni saa tano kwao, na hiyo ndiyo saa wanayomaliza vyombo. Mwezi wa Ramadhani siwapi somo. Kuna futari, kuna wageni, kuna daku, usiku unageuka mchana na mchana haugeuki usiku. Kumdai binti wa kazi kifungu cha wiki katikati ya mwezi huo ni kukosa huruma. Natuma mstari mmoja na neno "pole", basi.

Ibada ni kichwa kingine cha maumivu. Muscat makanisa yapo, Ruwi na Ghala, kwenye viwanja vilivyotolewa na Sultani, na Wakristo wa mataifa mengi hukusanyika humo. Siku kubwa ni Ijumaa kwa kuwa ndiyo ya mapumziko. Dubai makanisa kadhaa yamekaa karibu karibu mtaa wa Oud Metha, nako walizoea Ijumaa mpaka Januari 2022, serikali ilipohamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikabaki nusu siku. Makanisa yakajipanga upya. Tajiri wa binti yangu hakujipanga, akaendelea kumpa Ijumaa ile ile. Hivyo yeye huenda kanisani siku ambayo wenzake wengi wako kazini, na Jumapili wenzake wanapoimba yeye yuko jikoni. Na huyo ni wa bahati. Wengine humaliza mkataba wa miaka miwili hawajakanyaga kanisa ambalo kwa teksi halifiki nusu saa.

Ndani ya upweke huo ndimo wanamoingia manabii wa mtandaoni. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mtumishi anakaa mbele ya kamera Dar es Salaam au kwingineko, maelfu wanamtazama, anafumba macho: "Namwona dada mmoja yuko Uarabuni, bosi wake anamtesa, mshahara umefungwa." Jamani! Mtu anayesema hivyo mbele ya watazamaji wote hao hajatabiri, amehesabu. Binti yangu mmoja aliona ameitwa yeye. Akatuma ujumbe, akajibiwa haraka kuliko ninavyojibu mimi, akaambiwa apande mbegu. Akapanda mshahara wa mwezi mzima. Baadaye yakaja mafuta, nayo kwa bei.

Aliponiambia nilimwuliza swali moja tu: "Huyo mtumishi anajua mdogo wako yuko darasa la ngapi?" Alikaa kimya muda mrefu, naona alama ya kuandika inatokea na kupotea. Akajibu, "Hajawahi kuniuliza." Mabishano juu ya upako nisingeyaweza. Yule ana sauti, ana kinanda nyuma yake, mimi nina kidole gumba. Kilichomtoa pale ni dada mmoja aliyekuwa Muscat, ambaye nitamweleza sasa hivi. Mwingine, wa Sohar, hakutoka. Aliniambia kwa adabu kwamba amepata baba wa kiroho mwenye nguvu zaidi, akaacha kujibu. Nikimwandikia Krismasi ananirudishia alama ya mikono miwili iliyounganishwa, bila neno.

Dada huyo ni muuguzi Mkenya. Tulifahamishwa na kasisi aliyekuwa na jamaa kule, na kwa maoni yangu simu ile moja ya kumtafuta imezaa kuliko masomo yote niliyowahi kutuma. Ana siku za zamu na siku za mapumziko, anajua mabasi, anajua duka la kubadilishia fedha lisilopunja. Nilimwomba kitu kidogo: akiweza, aonane na hawa mabinti uso kwa uso, awapeleke Ruwi Ijumaa wanayoruhusiwa, wale chakula.

Kabla ya kuwaunganisha niliwaandikia wote kwa pamoja: "Dada huyu ataniambia anavyokuona. Atakachoniambia mimi, wewe utakuwa umekisikia kwanza." Hilo nilijifunza kwenye Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Wakorintho walimwandikia Paulo barua ya maswali, na kuanzia sura ya saba anayajibu. Lakini sura sita za mwanzo zimejaa mambo ambayo ni dhahiri barua yao haikuyataja. Habari za fitina zililetwa na watu wa nyumbani mwa Kloe. Nani angeandika mwenyewe "tumegawanyika na tunapelekana mahakamani"? Na Paulo hakuwaficha watu wa Kloe, aliwataja kwa jina la nyumba yao. Mlezi mwenye vijasusi huzaa waongo. Kila mtu anajua nani ananiambia nini.

Faida yake niliiona haraka. Kulikuwa na binti ambaye ujumbe wake ulikuwa ule ule kila wiki: "Niko salama Mama, Mungu ni mwema." Kifungu anakijua, maombi anaomba. Kwa macho ya simu alikuwa mwanafunzi bora. Muuguzi akaonana naye Ijumaa moja, jioni akaniandikia: "Nimeonana naye. Si ako sawa. Amekonda, na hajalipwa miezi minne. Nimemwambia nitakuambia, akalia, akasema sawa." Binti aliona aibu kwa sababu nyumbani mama yake alishatangaza kwamba kitanunuliwa kiwanja.

Nilishirikisha mtumishi mmoja wa kanisa tulilokuwa tukisali, akasema nimwombee avumilie, huo ndio msalaba wake. Sikubaliani na malezi ya namna hiyo, na umbali unayafanya yawe mabaya zaidi, maana ni rahisi sana kumbebesha msalaba mtu ambaye humsikii akigumia. Chini ya kafala, utaratibu wa udhamini wa huko, mfanyakazi amefungwa kwa mwajiri wake. Akitoroka yeye ndiye anaonekana mkosaji. Kumwambia avumilie ni kukaza fundo. Tuliomba, na asubuhi muuguzi akampigia mtu wa ubalozi wetu Muscat. Mambo yalichukua muda, yakahitaji mkataba, namba za pasipoti na subira ya aina nyingine kabisa. Sehemu ya fedha ilipatikana, sehemu haikupatikana, na binti akahamia nyumba nyingine. Sasa nikipokea "niko salama Mama", namwuliza: salama ya Ijumaa au salama ya simu? Tumeshaizoea, anacheka, anasema ukweli.

Wazazi ni sura nyingine, nitaipita haraka. Wanakuja kwangu wakijua kwamba mtoto ananisikiliza, wananiomba nimwambie atume fedha. Nimekataa mara nyingi na nimeshanuniwa. Sauti ninayofundishia sala siwezi kuikodisha kwa madeni ya bati.

Jambo lingine ambalo sikulitarajia ni kulelewa nao. Mume wangu alipolazwa, yule wa Dubai alikuwa ananiandikia kila usiku baada ya vyombo, kifungu na sala fupi, kwa mpangilio ule ule niliomfundisha, hata kosa langu la kurudia "Baba" kila baada ya maneno matatu amelichukua. Nilijiruhusu kupokea. Paulo mwenyewe, akiwa mfungwa, alimwagiza Timotheo joho lililoachwa kwa Karpo huko Troa, na vitabu. Mlezi asiye na baridi wala haja ya joho sijui anamfundisha mtu nini juu ya Mwili wa Kristo.

Kuna wanaorudi, na hapo umbali unageuka vichekesho. Mmoja yuko Kibaigwa sasa, ana duka la vifaa vya shule, kutoka kwangu ni safari ya basi ya asubuhi, na tunaonana kidogo kuliko tulivyokuwa tunaandikiana alipokuwa Muscat. Mwanzoni tulikaa sebuleni tukakosa la kusema, akatoa simu akaniandikia nikiwa mbele yake. Tukacheka mpaka chai ikapoa. Yohana anasema katika waraka wake wa pili kwamba ana mengi ya kuandika lakini hataki karatasi na wino, anatarajia kuja waseme mdomo kwa mdomo. Hakusema kama walipoonana walianza kwa kukosa maneno.

Mwezi ujao wanaondoka wawili, ndugu, wote Muscat. Nimewaandalia Biblia ndogo, na ndani ya jalada nimewashonea karatasi yenye namba ya yule muuguzi na ya ubalozi, kwa kalamu ya wino usiofutika, maana namba iliyo kwenye simu inaondoka na simu. Nimewafanya waikariri kama Zaburi. Mama yao alikuwa amekaa pembeni anatusikiliza tukirudia tarakimu, mwishowe akasema, "Mwalimu, kama huyo dada ndiye atakayewaona, atawapeleka kanisani, atawasemea ubalozini, wewe kazi yako itakuwa ipi?"

Nikamwambia nitakuwa nawauliza kama wameshampigia.